Elton John na Rod Stewart kabla ya 1972: nani alisota zaidi?

Santuri45 (mleta uzi)
Wakuu, salaam. Kila tukiwagusa hawa wazee wawili wa muziki wa Uingereza mjadala unaishia kwenye mauzo, miwani na nywele. Humu naomba tubaki kabla ya 1972 tu, kabla hawajawa matajiri.

Tuanze na yasiyo na ubishi. Rod: amezaliwa 10 Januari 1945, Highgate, London kaskazini, baba Mskoti. Elton: amezaliwa 25 Machi 1947, Pinner, nje kidogo ya London, jina la nyumbani Reginald Kenneth Dwight, wenzake wakimwita Reg. Wamepishana miaka miwili na ushee. Na wote wamepita mikononi mwa mtu mmoja, Long John Baldry, mwimbaji wa bluzi mwenye urefu wa karibu mita mbili. Rod alipita kwake kuanzia 1964, Elton kuanzia 1966.

Hoja yangu ni hii: ukitaka kujua kwa nini njia zao ziliachana, usitazame sauti. Tazama nani alikuwa anawalipa kila wiki. Rod alilipwa na viongozi wa bendi. Elton, kuanzia mwishoni mwa 1967, alilipwa na mchapishaji wa muziki, yaani kampuni inayomiliki nyimbo zenyewe na kuzitafutia waimbaji. Anayelipwa na bendi anajifunza kuteka ukumbi. Anayelipwa na mchapishaji anajifunza kutoa nyimbo mpya kila wiki, zishike zisishike. Mengine yote nayaona yametoka hapo.

Karibuni, ila mje na miaka na majina.

Kinanda_Cheupe
Mkuu Santuri, nianze na Elton maana huku watu hupapasa.

Akiwa na miaka 11 alipata nafasi Royal Academy of Music, masomo ya Jumamosi, na akakaa huko kama miaka mitano. Kwa hiyo zile habari za "kipaji cha baa" ni nusu tu. Nusu ya pili ni kweli: akiwa na miaka 15 alikuwa anapiga piano mwisho wa wiki kwenye baa ya hoteli moja Northwood Hills, karibu na kwao. Sikilizeni mkono wake wa kushoto kwenye rekodi za 1970 mtazisikia shule zote mbili. Zile kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) anazozigeuza chini juu, besi ikiwa kwenye noti ambayo siyo mzizi wa kodi, zimetoka kanisani na darasani. Ule mpigo wa kugonga umetoka baa, ambako bila kugonga hakuna atakayekusikia.

Bendi yake ilikuwa Bluesology. Singo (sahani ya wimbo mmoja mmoja) ya kwanza ni "Come Back Baby", Julai 1965, lebo ya Fontana, kaitunga Reg na kaiimba Reg. Haikwenda popote. Bendi ikaishi kwa kuwapigia wasanii wa Marekani waliokuja kuzunguka Uingereza bila bendi zao: Major Lance, Patti LaBelle na Bluebelles wake, na wengineo. Kazi hiyo ina adabu yake. Unapewa orodha ya nyimbo, unazisikiliza kwenye sahani, unazikariri, na siku ya onyesho hutakiwi kuonekana. Ukikosea kodi moja, mwimbaji anageuka nyuma na ukumbi mzima unajua nani kakosea.

Dogo_Chati
Samahani wakubwa, ina maana Elton hakuwa mwimbaji wa bendi?

Kinanda_Cheupe
Mara chache, mdogo wangu. Mwimbaji wa Bluesology alikuwa Stuart Brown. Baldry alipoichukua bendi 1966 foleni ya kipaza sauti ikazidi kurefuka, Reg akabaki nyuma ya ogani. Halafu Novemba 1967 Baldry akapata namba moja na "Let the Heartaches Begin", wimbo wa mapenzi wenye vayolini nyingi, bluzi ikawekwa kando. Bendi ikahamia kumbi za chakula cha jioni, watu wanakata nyama huku mnapiga. Kwa mpiga kinanda wa miaka 20 mwenye nyimbo zake mfukoni, hapo ni pa kukimbia.

Alipokimbia alichukua majina ya wenzake: Elton kutoka kwa Elton Dean, mpiga saksafoni wa bendi, na John kutoka kwa Baldry mwenyewe. Kisheria jina lilikuja kubadilishwa baadaye, akaongezea Hercules katikati.

MzeeWaUpandeB
Kwa upande wa Rod naomba niweke kumbukumbu sawa, maana mtu husoma "Maggie May, 1971", wimbo uliompaisha, akadhani jamaa kaibuka siku moja.

Kabla ya yote kulikuwa na mpira. Alijaribiwa Brentford, hawakumwita tena. Akaingia mitaani na gitaa na harmonika, akiongozana na mpiga gitaa Wizz Jones, wakafika hadi Ulaya bara, na Hispania wakamrudisha kwao kwa uzururaji. 1963 yupo na Jimmy Powell na Five Dimensions, anapuliza harmonika zaidi ya kuimba.

Januari 1964, stesheni ya treni ya Twickenham. Baldry ametoka kupiga Eel Pie Island, kisiwa kidogo katikati ya mto Thames chenye hoteli iliyokuwa ngome ya bluzi. Anasikia harmonika ikitoka gizani kwenye jukwaa la stesheni. Anafuata sauti, anamkuta kijana wa miaka kama 19 mwenye pua ndefu na skafu. Siku hizo hizo Cyril Davies, kiongozi wa bendi aliyokuwa akiimbia Baldry, akafariki. Baldry akarithi bendi, akaiita Hoochie Coochie Men, Rod akaingia kama mwimbaji wa pili.

Sasa hesabu singo za Rod kwa jina lake mwenyewe:
1964, "Good Morning Little Schoolgirl", Decca. Mwezi huo huo bendi ya Yardbirds wakatoa wimbo huo huo. Ya kwao ikagusa chati kwa chini, yake haikugusa kabisa.
1965, "The Day Will Come", Columbia. Kimya.
1966, "Shake", Columbia. Kimya.
1968, "Little Miss Understood", Immediate. Kimya.

Singo nne, lebo tatu, miaka minne. Na kwenye singo ya Decca aliyepiga besi ni John Paul Jones, yule yule wa Led Zeppelin ya baadaye, wakati huo akiwa mpigaji wa kukodiwa studio. Kwa hiyo hakukosa wapigaji wazuri. Alikosa wimbo wake mwenyewe. Nyimbo zilizobebeshwa jina lake zilikuwa za kupiga kopi (nyimbo za wasanii wengine) au za watunzi wa kukodi, na kila bendi ya London ilikuwa na kopi zile zile.

Santuri45 (mleta uzi)
Hapo mzee umenisaidia hoja yangu bila kutaka.

MzeeWaUpandeB
Subiri kwanza, sijakubaliana nawe. Unasema bendi zilimfundisha kuteka ukumbi. Mwaka 1968 Jeff Beck Group, bendi ya mpiga gitaa Jeff Beck ambayo Rod alikuwa akiiimbia, wanafika ukumbi wa Fillmore East, New York, mara ya kwanza Marekani. Rod alikuwa ameshaimba miaka minne jukwaani. Akaogopa, akajificha nyuma ya spika na kuanza wimbo wa kwanza akiwa huko huko. Shule gani hiyo ya kuteka ukumbi?

DadaMatoazi
Kaka UpandeB, hilo tukio halivunji hoja, linaielezea. Tazama alikotoka. Steampacket, bendi ya Baldry ya 1965, ilikuwa na waimbaji watatu: Baldry, Rod na Julie Driscoll, na Brian Auger kwenye ogani. Ilipangwa kama onyesho la zamu: Auger na wapigaji wanafungua kwa ala tupu, Julie anaimba zake, Rod anaimba zake, Baldry anafunga. Ukiwa na zamu ya nyimbo chache hujawahi kubeba saa nzima peke yako. Machi 1966 akatoka. Akaingia Shotgun Express, napo waimbaji wawili, yeye na Beryl Marsden, nyuma yao Peter Green kwenye gitaa na Mick Fleetwood kwenye drams. Nayo ikafa mapema.

Jeff Beck Group kuanzia 1967 ndiyo bendi kubwa ya kwanza ambako mwimbaji mkuu alikuwa yeye peke yake. Kwa hiyo Fillmore ilimkuta mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, siyo mkongwe.

Na hapo kwa Beck ndipo sauti ilipokomaa, kwa sababu ya kifundi. Bendi ilikuwa na gitaa moja tu. Ron Wood, ambaye ni mpiga gitaa, aliwekwa kwenye besi. Hakuna gitaa la pili la kujaza nafasi, kwa hiyo Beck akinyamaza, sauti ndiyo inajaza. Sikilizeni albamu ya *Truth* ya 1968: mstari wa sauti, jibu la gitaa, mstari, jibu. Sauti yenye mikwaruzo inapita katikati ya gitaa lile kali bila kuzama, sauti laini ingezama. Bahati mbaya kiongozi alikuwa mtu wa kubomoa. 1969 alivunja bendi wiki chache kabla ya tamasha kubwa la Woodstock, ambako walishapangwa kupiga.

Mrabaha
Naomba niingie kwa upande wa mikataba, ndipo penye nyama.

Mwaka 1967 lebo ya Liberty ilitangaza kwenye gazeti la *New Musical Express* kwamba inatafuta vipaji. Reg alikwenda, akasema anaweza kutunga muziki ila maneno yanamshinda. Bernie Taupin, kijana wa Lincolnshire mwenye miaka 17, aliandika barua: ana maneno, muziki hajui. Liberty ilimkataa Reg kama mwimbaji, lakini Ray Williams wa ofisi hiyo akampa bahasha ya maneno ya Bernie aondoke nayo. Nyimbo za kwanza zilitungwa kabla wawili hawa hawajaonana uso kwa uso.

Kisha wakawa wanarekodi kwa kuiba. Caleb Quaye, fundi wa studio ndogo ya mchapishaji Dick James, aliwaacha waingie usiku ofisi ikishafungwa. Bosi akagundua. Alitaka kuwafukuza wote, akaomba kwanza asikie walichorekodi, akaishia kuwasainisha. Kwa kuwa utu uzima kisheria Uingereza wakati huo ulikuwa miaka 21 na wote walikuwa chini ya hapo, wazazi walilazimika kutia saini pia.

Walichopata: posho ya kila wiki, ambayo ni mkopo juu ya mrabaha wa baadaye, na studio ya bure. Walichotoa: hakimiliki ya nyimbo kwa muda wote wa uhai wa hakimiliki. Vijana wengi hawakisomi kifungu hicho kwa sababu posho ya Ijumaa inaonekana na miaka 50 ijayo haionekani. Elton na Bernie walikwenda mahakamani kwa jambo hilo, hukumu ikatoka 1985: nyimbo zikabaki kwa Dick James, wao wakalipwa mrabaha waliokuwa wamepunjwa.

Ila tukubaliane, bila posho ile hakuna Elton. Miaka miwili mizima hakuwa na wimbo uliouza. "I've Been Loving You" ya 1968, kimya. "Lady Samantha" ya 1969 ilipigwa redioni, dukani haikuuzika. Wimbo wao mmoja ulipelekwa kwenye mchujo wa Uingereza wa mashindano ya nyimbo ya Eurovision ya 1969, mwimbaji Lulu akauimba, ukashika mkia kati ya sita. Mwanamuziki wa bendi angeshakwenda kutafuta kazi nyingine.

Dogo_Chati
Na Rod yeye alisaini wapi?

Mrabaha
Rod alijifunga kamba mbili, mdogo wangu. Oktoba 1968, akiwa bado kwa Beck, alisaini na Mercury kama msanii binafsi, kupitia Lou Reizner. Mwaka uliofuata yeye na Ron Wood wakahamia kwa waliobaki wa Small Faces baada ya Steve Marriott kuondoka, bendi ikaitwa Faces, nayo ikasaini Warner Bros. Mtu mmoja, lebo mbili, na wapigaji wale wale wakionekana pande zote mbili. Mambo yalikwenda vizuri mpaka upande wa Rod ulipouza kuliko upande wa bendi. Wenye kumbi wakaanza kuandika "Rod Stewart na Faces" kwenye mabango. Bendi ya watu watano ambao walikubaliana kuwa sawa haidumu na bango la namna hiyo.

Elton hakuwa na tatizo hilo. Dee Murray wa besi na Nigel Olsson wa drams waliingia wakijua jina kwenye bango ni moja.

Tozi_wa_Santuri
Mnawasifia hawa na Freddie Mercury wa Unguja mnamwacha wapi?

Santuri45 (mleta uzi)
Mkuu, Freddie ana uzi wake. Kinachomuunganisha na huu ni kwamba John Reid, meneja wa Elton, aliwachukua Queen, bendi ya Freddie, 1975. Hiyo ni nje ya miaka yetu. Turudi.

MzeeWaUpandeB
Nirudi kwenye jina langu. Wote wawili walifunguliwa mlango na upande B, yaani upande wa nyuma wa singo, ambao lebo haiutegemei.

"Your Song" Marekani ilitoka nyuma ya "Take Me to the Pilot". Watangazaji wa redio wakageuza sahani. Ikafika namba 8 Marekani na namba 7 Uingereza mwanzoni mwa 1971. "Maggie May" ilitoka nyuma ya "Reason to Believe", ikageuzwa vile vile, na Oktoba 1971 ikawa namba moja Uingereza na Marekani kwa wakati mmoja, na albamu yake *Every Picture Tells a Story* namba moja pande zote mbili. Sasa angalieni kwa nini lebo zilikosea.

"Maggie May" ina dakika tano na zaidi na haina kiitikio. Mistari tu, inazunguka kwenye kodi za A, G, D, hadithi inasonga mbele. Kwa afisa wa lebo huo si wimbo wa redio. Ilirekodiwa Morgan Studios, Willesden. Martin Quittenton, aliyeitunga na Rod, yupo kwenye gitaa. Ron Wood anapiga gitaa na besi, Ian McLagan ogani, na drams ni Micky Waller, ambaye alifika studio bila matoazi. Wakarekodi hivyo hivyo, matoazi yakaongezwa baadaye. Ndiyo maana drams zinasikika nzito na kavu, zinasukuma kwa chini, juu hakuna mvumo. Ile mandolini ya mwisho ni Ray Jackson wa bendi ya Lindisfarne. Kwenye jalada Rod aliandika kwamba jina la mpiga mandolini wa Lindisfarne limemtoka.

Kinanda_Cheupe
Na "Your Song" ilikuwa na kosa la aina nyingine: ilionekana pole mno. Maneno yake Bernie aliyaandika wakati wa kifungua kinywa, kwenye fleti ya mama yake Elton, walikokuwa wanalala kitanda cha ghorofa chumba kimoja. Elton alikaa kwenye piano, muziki ukawa tayari kwa dakika chache. Utaratibu wao ulikuwa huo na umebaki huo: maneno kwanza, muziki baadaye, kila mtu chumba chake.

Lakini rekodi yenyewe haikuwa ya mchezo. Studio ya Trident, London, Januari 1970. Prodyuza Gus Dudgeon, mpangaji wa ala Paul Buckmaster. Okestra na piano vilipigwa pamoja, siyo kubandikwa baadaye, na saa za okestra ni ghali. Ukikosea wewe kwenye piano, wapiga nyuzi wote wanarudia. Drams zinachelewa kuingia kwa makusudi, zinakuja wimbo ukishakukamata.

Kisha 25 Agosti 1970, klabu ya Troubadour, Los Angeles. Neil Diamond akamtambulisha. Waliokuwa wamesikia albamu walisubiri mtu mpole na vayolini zake. Wakapata watu watatu: piano, besi, drams, bila gitaa. Kwa kuwa hakuna gitaa, piano ilibidi ifanye kazi ya gitaa, ndiyo maana aligonga vile, akasimama, akapiga teke kiti. Zile za baa ya Northwood Hills zilirudi zote usiku ule. Robert Hilburn wa *Los Angeles Times* akaandika sifa zilizosambaa nchi nzima.

DadaMatoazi
Kwa hiyo kaka Santuri, hapo hoja yako inayumba. Aliyelelewa na mchapishaji ndiye aliyeteka ukumbi kwa usiku mmoja, na aliyelelewa na bendi ndiye aliyejificha nyuma ya spika.

Santuri45 (mleta uzi)
Nakubali nusu, dada. Elton alikuwa na miaka ya Bluesology nyuma yake, sikuipa uzito unaostahili. Ila tazama nyimbo. Albamu za Elton mpaka 1971 karibu kila wimbo ni wake na Bernie. Albamu za Rod za miaka hiyo ni mchanganyiko: zake chache, kopi nyingi alizozichagua kwa jicho kali. Na ushahidi bora ni "Country Comfort". Wimbo ni wa Elton na Bernie. Rod akauweka kwenye *Gasoline Alley*, iliyotoka 1970 kabla Elton hajatoa ya kwake kwenye *Tumbleweed Connection* mwezi Oktoba. Na Rod aligusa maneno hapa na pale. Huyo ni mtu wa bendi: anachukua wimbo, anaukata umkae mwilini.

Dogo_Chati
Basi nani alisota zaidi?

MzeeWaUpandeB
Inategemea unaanzia wapi. Kuanzia singo ya kwanza mpaka kuingia chati ya singo ya Uingereza kwa jina lake: Rod karibu miaka saba, Oktoba 1964 hadi 1971. Elton, ukianzia "Come Back Baby", miaka mitano na nusu. Ukianzia jina la Elton John, chini ya miaka mitatu. Mimi naanzia Bluesology, maana sauti ni yake. Rod bado anaongoza kwa kusota.

Na msisahau vibarua. Elton aliimba kopi za nyimbo zilizokuwa kwenye chati kwa ajili ya albamu za bei rahisi za madukani, jina lake halikuandikwa. Ni piano yake pia unayoisikia kwenye "He Ain't Heavy, He's My Brother" ya bendi ya Hollies. Rod aliimba "In a Broken Dream" kwa bendi ya Python Lee Jackson akalipwa vitambaa vya kuvalisha viti vya gari. Ilipotolewa tena 1972 ikafika namba 3 Uingereza, na sahani haikuwa na jina lake mbele.

Tozi_wa_Santuri
Sawa, nimekaa kimya nimesoma. Anayetaka kusikiliza aanze wapi bila kupotea?

DadaMatoazi
Kuna mitego mitatu. Kwanza, usinunue "albamu ya Steampacket" ukidhani ni albamu. Wanabendi walifungwa na lebo tofauti, hawakurekodi albamu. Kinachouzwa ni majaribio, sauti hafifu. Sikiliza mara moja kwa historia. Pili, albamu ya kwanza ya Rod ina majina mawili: Uingereza *An Old Raincoat Won't Ever Let You Down*, Marekani *The Rod Stewart Album*. Ni kitu kimoja, usilipe mara mbili. Tatu, *Empty Sky* ya Elton ni ya 1969 lakini Marekani ilitolewa 1975, kwa hiyo sahani za huko zina mwaka unaochanganya.

Mpangilio wangu: *Truth*, kisha *Gasoline Alley*, kisha *Tumbleweed Connection*, ukiwa na "Country Comfort" mbili masikioni. Halafu *11-17-70*, ile ya Elton ya moja kwa moja kutoka studio ya New York ikirushwa redioni, watu watatu tu. Hapo ndipo utaelewa Troubadour ilikuwaje. *Every Picture* iweke mwisho.

Kinanda_Cheupe
Dada umesahau moja. *It Ain't Easy* ya Long John Baldry, 1971. Upande mmoja umetengenezwa na Rod, Ron Wood akiwemo. Upande wa pili umetengenezwa na Elton, na Caleb Quaye yupo kwenye gitaa. Sahani ile ile, mwimbaji yule yule, bosi wao wa zamani, na kila mmoja kampangia anavyojua yeye. Upande wa Rod ni gitaa na vurugu la baa. Geuza sahani, usikie piano ikikaa mbele.